Ulihukumiwa feloni (kosa kubwa la jinai) Kentucky, Marekani? Namna ya kurudisha kura yako na haki zako zingine, hatua kwa hatua

Mwaka 2024 mwezi wa kumi tulikuwa tunatoka kanisani hapa Louisville, kijana mmoja ninayemfahamu toka ana miaka kumi na moja akanishika mkono akanivuta pembeni ya magari. Akatoa bahasha imekunjwa mara nne, ndani kuna karatasi ya korti ya 2015, akaniambia mama mdogo, hii ndo karatasi iliyoninyima uraia, ndo maana nyie mkienda kupiga kura mi nabaki na watoto.

Nikaisoma pale pale juu ya boneti ya gari. Aliiba vitu vya kama dola 700 dukani alikokuwa anafanya kazi, enzi hizo Kentucky kuiba kuanzia dola 500 ilikuwa tayari feloni (walipandisha ikawa dola 1,000 mwaka 2021), akakubali kosa, jaji akampa probesheni (adhabu ya nje chini ya uangalizi) miaka mitatu, akaimaliza 2018 na hajawahi kukanyaga korti tena. Sasa huyu kijana kura yake ilirudi tarehe 12 Desemba 2019. Ilirudi yenyewe, bila fomu, na hakuna mtu aliyempigia simu kumwambia. Miaka karibu mitano anakaa nyumbani siku ya uchaguzi akiamini kitu ambacho sio kweli.

Niliumia sana. Na sio yeye peke yake, mi natafsiri Kiswahili kwenye makorti na maofisi huku, kila mwaka nakutana na watu wa hivi, Wakongo, Warundi, Wakenya, Watanzania, na wengine wa upande wa pili ambao nao wamekosea vibaya zaidi, wamejiandikisha wakati hawaruhusiwi. Kwaiyo naandika hapa yote ninayoyajua, kwa Kentucky zaidi maana ndo ninapoishi, na mwishoni ntagusa majimbo mengine kwa sababu watu wetu wanahama sana. Mi sio wakili. Ila hizi hatua unaweza ukazifuata mwenyewe ukiwa umekaa na simu yako na hiyo karatasi.

Hatua ya 1. Hakikisha kwanza wewe ni raia wa Marekani au la

Naanza hapa kwa makusudi kabisa. Mwenye grini kadi (kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja) hapigi kura, awe na feloni au asiwe nayo, awe amekaa huku miaka ishirini, analipa kodi, ana nyumba. Hapigi. Hajiandikishi. Mwaka 2024 Kentucky waliingiza mpaka kwenye katiba ya jimbo kwamba asiye raia hapigi kura. Ukipiga au ukisaini popote kwamba wewe ni raia wakati sio, hiyo ni dipotesheni (kufukuzwa nchini), na kosa la kujidai raia ni kati ya yale ambayo wakili anakuangalia tu anatikisa kichwa.

Mtego wenyewe uko pale unapoenda kuchukua leseni ya gari. Yule mtu wa kaunta ana foleni ndefu, anauliza maswali harakaharaka, unataka kuchangia viungo vya mwili, unataka kujiandikisha kupiga kura, na wewe Kiingereza bado kinakusumbua unajibu yes, yes, yes ili umalize uondoke. Usifanye ivo! Hiyo ya kura kama sio raia jibu ni no, na kama hujaelewa swali mwambie arudie, foleni isikutie haraka.

Na kama una grini kadi na una feloni, swala lako sio kura kabisa, ni kubaki nchini. Tafuta wakili wa uhamiaji kabla hujarenyu kadi, kabla hujajaza fomu ya uraia ya N-400 na kabla hujapanda ndege kwenda kumzika mtu nyumbani. Najua hilo la mwisho linauma, ila watu wanakamatwa wakati wa kurudi pale uwanja wa ndege.

Sasa upande wa pili ambao hauzungumzwi. Yule kijana alikuwa anaamini hajawahi kuwa raia kwa sababu hakuwahi kuapa. Alikuja na mama yake kutoka kambi ya wakimbizi ya Mtabila kule Kasulu, Tanzania, mama akaapa uraia 2013, kijana alikuwa na miaka 17, ana grini kadi, anaishi kwa mama yake. Kwa sheria ya Marekani iliyoanza kufanya kazi Februari 2001, mtoto wa hivyo anakuwa raia siku ile ile mzazi anapoapa. Hahitaji kuapa wala mtihani. Kilichobaki ni karatasi ya kuthibitisha, na ya bei nafuu ni kuomba pasipoti ya Marekani ukiwa na cheti cha uraia cha mzazi, cheti chako cha kuzaliwa na grini kadi yako ya zamani, au ukitaka cheti kamili unajaza N-600 ila ile ina gharama kubwa. Kwaiyo wewe uliyekuja mtoto, kabla hujasema mimi sio raia, uliza mama au baba yako aliapa lini, na siku hiyo ulikuwa na miaka mingapi, na ulikuwa unaishi kwa nani. Kama haikukaa sawasawa hivyo, mpelekee wakili ahesabu tarehe, usijihukumu mwenyewe na usijiandikishe kwa kubahatisha.

Jambo jingine ambalo watu wananiuliza kwa hofu: ukishakuwa raia, kupata feloni hakukutoi uraia. Hamna jaji wa Kentucky anayenyang'anya uraia kwa wizi au kwa DUI (kuendesha gari umelewa). Unapoteza kura kwa muda, unapoteza bunduki, uraia unabaki pale pale.

Hatua ya 2. Tafuta karatasi ya hukumu, usitegemee kumbukumbu

Watu wengi wakiniambia nina feloni, nikiangalia karatasi naona hawana. Na wengine wanasema kilikuwa kitu kidogo tu, kumbe ni feloni. Kumbukumbu ya siku ya korti haiaminiki, ulikuwa umeogopa, mkalimani labda alikuwa kwenye simu sauti inakatika, wakili uliyepewa na serikali akutetee alikuwa na kesi thelathini asubuhi ile.

Nenda ofisi ya karani wa Circuit Court ya kaunti ulikohukumiwa, sio unakoishi sasa. Beba kitambulisho, waambie unataka nakala ya hukumu ya mwisho ya kesi yako, wanachaji hela kidogo kwa kila ukurasa. Ukiipata angalia vitu vinne.

Kwanza, korti gani. Hapa panachanganya sana kwa hiyo soma taratibu. Kentucky ina District Court ya jimbo ambayo inahukumu makosa madogo, na ina Circuit Court ambayo ndo inahukumu feloni. Sasa kuna nyingine inaitwa United States District Court, hiyo ni ya serikali kuu, federo, na sio ndogo hata kidogo. Jina linafanana, maneno mawili tu ya mbele ndo tofauti, ila hayo maneno mawili yanabadilisha njia yako yote kama utakavyoona hatua ya 3.

Pili, namba ya kesi. Kesi ya feloni ikishafika Circuit Court inakuwa na herufi CR katikati, mfano 15-CR kisha namba. Ukiona M ni kosa dogo, T ni mambo ya barabarani. Ukiona F, usikimbie kusema ni feloni, hiyo F inamaanisha ilianza kama feloni kule District Court, nyingi zinashushwa zinaishia kosa dogo. Angalia mwisho wake iliandikwa nini.

Tatu, daraja. Feloni zinaandikwa Class D mpaka Class A. Class D ndo ya chini, mwaka mmoja mpaka mitano, na watu wetu wengi wako hapo: wizi, DUI ya nne ndani ya miaka kumi, kutolipa child support (hela ya matunzo ya mtoto) mpaka ikawa kesi ya jinai, kukutwa na madawa. DUI ya kwanza, ya pili na ya tatu kwa kawaida ni makosa madogo, kura haijaguswa.

Nne, ulimaliza vipi. Kama kwenye karatasi imeandikwa dismissed-diverted, maana yake ulipewa ule mpango wa daivesheni (unatimiza masharti ya korti, kesi inafutwa) ukaumaliza vizuri, na sheria ya Kentucky inasema hiyo haihesabiki kama hukumu. Hukupoteza kitu. Nimewahi kumwona dada mmoja amekaa na karatasi ya hivyo miaka sita anaificha kabatini kama vile ni aibu ya ukoo, kumbe hana feloni.

Kama ulikuwa na probesheni au paroli (kutolewa gerezani mapema chini ya uangalizi) tafuta pia barua ya kumalizia, tarehe uliyotoka. Huku wanasema off paper, sisi tunasema ametoka kwenye karatasi. Hiyo tarehe ndo mlango.

Hatua ya 3. Jua uko kwenye kundi gani

Katiba ya Kentucky kifungu cha 145 inasema ukihukumiwa feloni umepoteza kura maisha, mpaka gavana akurudishie. Maisha kabisa. Kwaiyo kila kitu kinakaa kwenye mkono wa gavana. Novemba 2015 gavana Steve Beshear akiwa anaondoka alitoa amri ya kurudishia watu kura wenyewe bila kuomba. Desemba hiyo hiyo akaingia Matt Bevin akaisimamisha. Miaka minne ikapita, akashinda Andy Beshear, mtoto wa yule wa kwanza, akaapishwa tarehe 10 Desemba 2019 na tarehe 12 akasaini amri yake, watu zaidi ya 140,000 wakarudishiwa siku moja. Nayaeleza haya yote ili uelewe kwamba hii ni amri ya gavana, sio sheria ya bunge, gavana mwingine anaweza kuiondoa kama Bevin alivyofanya na ya baba, na uchaguzi wa gavana mwingine ni 2027. Usikae unasubiri.

Unaingia kwenye amri ya 2019, yani haki yako inarudi yenyewe, kama: kosa lilihukumiwa na korti ya jimbo la Kentucky, sio kosa la ukatili, na umeshamaliza kifungo, probesheni na paroli. Yaliyotolewa nje ni makosa ya ukatili mkubwa, mauaji, makosa makubwa ya ngono, usafirishaji wa binadamu, uhaini na rushwa ya uchaguzi.

Na faini? Amri inasema deni la korti, faini na fidia havikuzuii kurudishiwa kura. Nimesikia watu wakiambiana pale saluni kwamba ukidaiwa hata dola hamsini huwezi, hapana, hiyo ni habari ya Florida. Lakini kuna kona moja: fidia ya mtu uliyemwibia isipolipwa jaji anaweza kuongeza muda wa probesheni mpaka uilipe, na ukiwa bado kwenye probesheni bado hujatoka kwenye karatasi. Kwaiyo deni lenyewe halikuzuii, ila linaweza kukuweka mahali panapokuzuia. Piga simu kwa ofisa wako wa probesheni uulize tarehe ya mwisho ni ipi kweli.

Huingii kwenye amri, inabidi uombe, kama kosa lako ni la ukatili, au kama lilihukumiwa na federo, au kama lilihukumiwa jimbo lingine. Hili la tatu ndo linawapata watu wetu. Mtu alihukumiwa Texas au Ohio, akamaliza, akahamia Louisville kufuata kazi ya maghala, anasikia redioni gavana amerudisha kura, anajiandikisha kwa moyo safi. Amri haikumgusa. Anatakiwa ajaze fomu kwanza.

Na huruhusiwi bado kama uko kwenye probesheni, paroli au ndani.

Hatua ya 4. Angalia jina lako kwenye orodha

Serikali ya jimbo ina ukurasa, civilrightsrestoration.ky.gov, unaandika jina na tarehe ya kuzaliwa unaona kama umerudishiwa. Ni bure. Usimlipe mtu yeyote kwa hili.

Sasa sisi tuna shida yetu ya majina. Kule kambini wengi tuliandikwa tarehe mosi Januari, jina la baba likawekwa la kwanza, la kwanza likawa la mwisho, Ndayishimiye akawa Ndayishimye, na korti huku ikaandika kivyake tena. Kwaiyo ukiandika jina ukaona hamna kitu, usiondoke ukasema sijarudishiwa. Jaribu jina kama lilivyoandikwa kwenye karatasi ya hukumu, herufi kwa herufi, hata kama wamekosea. Jaribu kugeuza la mbele na la nyuma. Yule kijana tulijaribu mara tatu pale kwenye gari, ya tatu nikaweka jina la babu yake mbele kama korti ilivyoandika, likatokea. Hakusema kitu, alinyamaza akaninyang'anya simu akasoma mwenyewe tena na tena.

Ukilipata, printi huo ukurasa, weka na karatasi ya hukumu. Ukikosa kabisa na unaamini unastahili, piga ofisi ya Probation and Parole ya jimbo, waambie jina lote, majina yote uliyowahi kuandikwa, na namba ya kesi.

Hatua ya 5. Kama inabidi uombe

Fomu ni ya kuomba kurudishiwa haki za kiraia, inapatikana kwenye ukurasa huo huo au ofisi yoyote ya Probation and Parole. Unajaza majina, kesi zote, korti gani, mwaka gani, unasaini. Kwa kesi ya federo au ya jimbo lingine ambatanisha nakala ya hukumu na barua ya kumaliza, maana Kentucky hawana faili lako, usipowapa watakaa nalo tu. Njia hii ya kuomba wanaangalia pia kama una waranti (hati ya kukukamata) au kesi mpya iko wazi, na fidia, kwaiyo safisha hayo kwanza. Hata tiketi ya zamani uliyosahau ikageuka waranti, shughulikia kabla ya kutuma.

Usiache kesi hata moja. Watu wanaficha ile ya aibu zaidi wakidhani haitaonekana. Inaonekana. Na ukijibiwa hapana, sio mwisho, unaweza kuomba tena baadae.

Jibu halina siku maalumu, faili linakwenda mpaka ofisi ya gavana Frankfort. Mpaka cheti kifike mkononi, usijiandikishe.

Hatua ya 6. Jiandikishe

Haki ikirudi, jina lako halirudi lenyewe kwenye daftari la wapiga kura, walilitoa ulipohukumiwa. Lazima ujiandikishe upya, mtandaoni au kwa karani wa kaunti. Huyu anaitwa County Clerk, sio yule wa Circuit Court uliyemfuata hatua ya 2, ni ofisi mbili tofauti na watu wanazunguka jengo zima wakitafuta.

Kwenye fomu kuna sentensi unaisaini kwa kiapo, kwa Kiswahili inasema hivi: sijahukumiwa feloni, au kama nilihukumiwa, haki zangu za kiraia zimerudishwa. Isome hiyo "au". Mtu mwenye feloni akiona nusu ya kwanza anaweka kalamu chini. Nusu ya pili ni yako, ukishapata ukurasa wako wa hatua ya 4 unasaini bila kutetemeka.

Kentucky daftari linafungwa karibu mwezi mzima kabla ya uchaguzi, hamna kujiandikisha siku ya kura. Ukija wiki ya mwisho umeshachelewa. Na chagua chama kwenye fomu ukitaka kupiga kura za mchujo za mwezi wa tano, maana ukiandika huna chama mchujo wa vyama hutapiga, ila ule uchaguzi mkubwa wa Novemba unapiga kama kawaida.

Hatua ya 7. Siku ya kura

Vituo vinafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, kwa wanaofanya zamu ndefu kuna pia Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi kabla ya Jumanne yenyewe, hakuna wa kukuuliza sababu. Beba kitambulisho chenye picha.

Kama kusoma kunakushinda, sheria ya Marekani inakuruhusu kuingia na mtu wa kukusaidia unayemtaka mwenyewe, mtoto wako, jirani, mchungaji, yeyote asiwe bosi wako au mtu wa chama cha wafanyakazi. Watampa karatasi ya kusaini. Akikusaidia asikuchagulie.

Haki zingine

Pasipoti unaweza kupata, feloni kwa kawaida haizuii, isipokuwa makosa fulani ya madawa yaliyovuka mpaka wa nchi wakati bado unatumikia adhabu, au ukiwa unadaiwa child support zaidi ya dola 2,500. Ila ukiwa kwenye probesheni, kuwa na pasipoti sio ruhusa ya kusafiri, muulize ofisa wako.

Bunduki ni tofauti kabisa na naomba hapa unisikilize. Kurudishiwa kura hakurudishi bunduki. Kentucky mwenye feloni akikutwa na bastola ni Class C, miaka mitano mpaka kumi, na federo nao wana sheria yao. Hata ya mkeo iliyopo kwenye droo, hata ya kuwindia uliyoazimwa. Unahitaji msamaha kamili wa gavana au kufutiwa kabisa hukumu, na hata hapo uliza wakili kwanza.

Kufutiwa hukumu kunawezekana kwa Class D nyingi, miaka mitano baada ya kumaliza kila kitu, kwa kuomba korti, kuna ada. Hii ina faida kubwa kwenye kazi na nyumba kuliko hata kura, na kama una hela kidogo ya kuweka pembeni iweke huko.

Barua ya juri ikija usiitupe. Jibu maswali kwa ukweli, pale panapouliza feloni andika ndiyo na eleza kama umerudishiwa, wao ndo wataamua. Shule nayo, msaada wa Pell (hela ya serikali ya kusomea chuo) tangu tarehe 1 Julai 2023 unapatikana hata kwa walio gerezani, na kosa la madawa halikuzuii tena, kwaiyo jaza FAFSA, ndo fomu ya kuomba huo msaada.

Ukihama

Hapa Louisville ukivuka daraja la mto Ohio uko Indiana, na kule ukitoka gerezani kura yako imerudi, hata ukiwa bado kwenye probesheni, unajiandikisha tu. Mtu yule yule, kosa lile lile, dakika kumi kwa gari. Mi huwa nalifikiria sana hilo daraja.

Ohio, Illinois na Michigan nao ni ukitoka ndani tu. Minnesota walibadilisha 2023 wakawa hivyo. Texas na Georgia lazima umalize mpaka probesheni na paroli. Iowa gavana Kim Reynolds alitoa amri Agosti 2020, ukimaliza adhabu yote inarudi, ila sio kwa mauaji. Nebraska tangu 2024 hamna tena kusubiri miaka miwili. Florida watu walipiga kura 2018 kurudisha, karibu asilimia 65, alafu 2019 bunge likaongeza kwamba lazima ulipe faini na ada zote. Tennessee wanaangalia mpaka child support. Virginia ni gavana mtu kwa mtu. Maine, Vermont na Washington DC wao hata ukiwa gerezani unapiga, na sio ajabu hiyo, Kenya wafungwa walipiga kura ya rais 2017 wakiwa ndani.

Kinachohesabika ni sheria ya jimbo unaloishi siku ya kujiandikisha. Kila ukihama anza tena hatua ya 3.

Na usipige "nijaribu tu". Crystal Mason kule Texas 2016 alikuwa ametoka gereza la federo, bado yuko chini ya uangalizi, jina lake halikuwa kwenye daftari, wakampa kura ya muda (inawekwa pembeni mpaka wahakikishe kama unaruhusiwa) akajaza, haikuhesabiwa hata. Akahukumiwa miaka mitano 2018. Korti ya rufaa Fort Worth ikamwachia Machi 2024, waendesha mashtaka wakakata rufaa tena. Miaka yote hiyo kwa karatasi moja ambayo haikuingia hata kwenye hesabu.

Mwisho, kama una ndugu yuko jela ya kaunti anasubiri kesi, hajahukumiwa, huyo bado ana kura yake kama ni raia na amejiandikisha, na Kentucky anaweza kuomba karatasi ya kura iletwe pale pale jela. Ila lazima iombwe mapema, wiki mbili tatu kabla, na yeye mwenyewe hana simu ya kuulizia. Mpigie karani wa kaunti wewe, leo, umuulize fomu inapelekwaje, alafu siku ya kumtembelea umwambie.